Pedali ya Zamani na Shangazi wa Mpui

Mjukuu wangu Stela,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Bibi yako amemaliza kupura ulezi, na anakungoja wewe kwenye harusi ya kule Matai kuliko anavyomngoja bibi harusi mwenyewe.

Unauliza upige gitaa harusini kwa pedali yangu ya zamani, kile kidude cha kukanyaga kinachopandisha sauti, au ununue toleo jipya, maana unaogopa kuchekwa na ukoo. Wapo wanaohubiri kwamba cha zamani kina roho. Upuuzi mtupu! Pedali yangu ilipandisha sauti vizuri ukigusa uzi mmoja tu wa gitaa. Ukigusa miwili, ilikoroma. Hiyo mpya inapandisha nyuzi zote, safi kabisa.

Mimi nilichekwa, harusini Mpui. Nilipiga nyuzi zote kwa pamoja, nikakanyaga pedali, gitaa likakoroma mbele ya umati.

"Wee kijana, gitaa lako limekabwa na mfupa!" shangazi wa bwana harusi akapaza sauti.

Nilitaka kukimbia. Lakini yeye na wenzake, wakiwa bado wanacheka, waliidaka ile sauti ya juu niliyoikosa, wakaiimba wenyewe. Nikabaki napiga uzi mmoja chini ya sauti zao, na uwanja mzima ukacheza. Nimebishana na watu wengi maishani, wale sikuwabishia.

Nunua mpya, tena kwa furaha. Ila shangazi zako wakianza kuimba, inua mguu kwenye pedali.

Babu yako,
Milanzi