Usiguse Mpaka Nije

Baba Nafula,

Kiraka cha mashine ya dirishani kimetoka. Ati sasa ndio kimetoka! Wewe umelala kule Bokoli, udongo wa kaburi haujashuka, na watu wa kompyuta ndio wanaamka kuziba tundu lao. Nimekasirika, bana. Si wangefanya haraka kidogo, ungeziba mwenyewe.

Barasa, yule mliyekuwa mkitengeneza mashine naye Kitale, amekileta hapa Bungoma kwa CD. Aliingia saiba yetu ya intaneti kama mtu anayeingia matangani. Akasema, "Shemeji, ile dawa ya dereva imekuja." Nikamjibu vibaya. Nilimwambia wewe mwenyewe ulisema isiguswe mpaka uje.

Unakumbuka siku ile? Ulisema mashine ya dirishani ina tundu kwa dereva, ile programu ya kuendesha kadi ya mtandao, na mwizi anaweza kuingilia kwa waya akiwa mbali huko, bila sisi kubonyeza chochote. Nikakuuliza kama huyo dereva ana leseni. Ulicheka mpaka chai ikakupalia. Halafu ukachomoa waya, ukakata kipande cha plasta tuliyomfungia Nafula kidonda, ukabandika pale waya unapoingia, ukaandika kwa biki: USIGUSE MPAKA NIJE.

Ukarudi Kitale, homa ikakushika. Hukuja.

Tangu tukuzike, mashine hiyo ni ya kuchapa barua tu. Wateja wakiuliza mbona haina intaneti, nawaambia inangoja mwenyewe. Sikuwa nawadanganya. Tulinyolewa nywele za matanga, wajomba wakagawa nguo zako. Moyoni nilisema plasta ikiwa pale, kuna kazi umebakisha kwangu, na wewe hukuwa mtu wa kuacha kazi katikati. Ujinga, najua. Lakini ndio ulikuwa unaniamsha asubuhi.

Barasa hakubishana. Alikaa kwa kiti chako, akafunika uso, akasema hata yeye hakutaka kukileta. Tukalia wawili pale, wateja wakijifanya wanasoma skrini zao. Mwishowe nikamwambia aweke CD. Kiraka kikaingia, mashine ikazima, ikawaka. Ikabaki waya tu, na Barasa akakataa kugusa plasta.

Niliibandua mimi, polepole, kwa kucha. Upande wa gundi kuna alama ya dole gumba lako. Mistari yote iko, mume wangu. Yote.

Nimeihifadhi kwa kijaluba cha ile CD. Waya nimechomeka na mashine inafanya kazi vizuri, na mzee mmoja kutoka Malakisi ameshasoma barua ya mwanawe hapo. Nafula nitamfundisha kazi hii vile ulivyonifundisha: chomoa kwanza, maswali baadaye. Hiyo nakuahidi.

Pumzika sasa. Kazi yako imeisha hapa, usihangaike kuja. Siku yangu ikifika, nitakuja mimi.

Mama Nafula