Amekula, Ameshiba

Jumatano, 11 Februari

Nimemaliza kusahihisha madaftari. Kiungulia tena. Chai imekataa kukaa tumboni, nikaimwaga nusu na kunywa maji moto. Kisha nikampigia dada yangu Kananu huko Mitunguu, kama kila Jumatano. Habari ya watoto, habari ya jua, halafu swali langu: Kaari amekula? Akajibu vilevile kama siku zote. Amekula, ameshiba.

Kaari ni ng'ombe wa Mama. Mama alituachia vitu vichache, na kati ya hivyo chenye uhai ni huyo peke yake. Kananu anakaa naye kwa sababu mimi niko hapa Kaaga, mwalimu wa nyumba ya kupanga, na boma la Mama liko kule. Nepia, majani yake ya kulishwa, nilipanda mimi, kando ya mfereji wa maji, kabla Mama hajafa. Jiwe la chumvi nanunua mimi. Kazi ya Kananu ni kukata na kulisha, na maziwa ni yake. Nilidhani ni mpango mzuri.

Maziwa yamepungua, anasema. Kiangazi.

Jumapili, 15 Februari

Nimeshuka Mitunguu baada ya ibada. Joto la kule, haki! Kananu alipika ndizi na nyama, akanijazia sahani mpaka nikaona aibu. Nimekula kidogo, kifua kikawaka.

Kaari amenitisha. Mbavu zinahesabika, na tumbo ni kubwa kama ngoma, hasa upande wa kushoto. Analamba ukuta wa banda. Amelamba udongo mpaka fito zimetokeza. Nimemshika shingo, ngozi imelegea. Mama angeniuliza nimefanya nini na ng'ombe wake.

Kananu anasema ni minyoo. Baadaye akasema ni jicho la jirani, watu wa hapa wana macho mabaya. Nikauliza jiwe la chumvi liko wapi, la mwezi huu. Limeisha. Limeishaje? Akacheka: "Mwalimu, huku kwetu chini jua linayeyusha hata chumvi."

Nikacheka pia. Jua linayeyusha chumvi! Mimi ndiye mwalimu wa biolojia, na uongo huo nimeumeza mzima bila hata maji.

Hapana, labda ni minyoo kweli. Nimemwachia dawa.

Jumanne, 17 Februari

Kipindi cha tatu, mmeng'enyo wa chakula. Nimewachorea ubaoni matumbo manne ya ng'ombe. Nikatumia majina ya buchani, taulo na kitabu, darasa likacheka na likaelewa. Nikawaeleza kwamba ng'ombe mwenyewe hamalizi kazi ya kumeng'enya majani, anafuga vijidudu tumboni na hao ndio wanaomfanyia. Yeye huwapa majani, nao humpa nguvu. Akiwapa kitu wasichokiweza, kitu hicho kitabaki humo.

Msichana mmoja akauliza kinabaki mpaka lini. Nikasema mpaka mtu akitoe. Kengele ikalia.

Mchana sikula.

Jumamosi, 21 Februari

Nimemchukua daktari wa mifugo kutoka Nkubu, tukashuka naye bila kumwambia Kananu. Sijui kwa nini sikumwambia.

Daktari alimpiga Kaari ubavuni kwa vidole, akasikiliza. Akasukuma ngumi ubavu wa kushoto, akaiacha hapo kitambo. Ngumi ilipotoka, shimo likabaki, kama kwenye unga uliokandwa. Akauliza kama anacheua. Kananu akasema anacheua sana. Tukasimama pale tukimwangalia Kaari, na muda wote huo taya lake halikusogea.

Akauliza anakula nini. Kananu akasema nepia, asubuhi na jioni. Daktari akachokora mavi kwa kijiti. Kidogo, magumu, yamefunikwa ute. Akavuta uzi mrefu wa buluu, wa gunia. Akaufuta kwenye nyasi.

Kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu, ng'ombe huyu ameshiba. Hiyo ndiyo shida yake."

Nikamwambia mbona amekonda hivi. Akasema tumbo limejaa vitu visivyotoka, majani hayana pa kuingia, kwa hiyo anakufa njaa huku ameshiba. Apasuliwe, ama achinjwe mapema kabla hajalala chini.

Kananu akaruka. Achinjwe! Kupasua ng'ombe ni kumtesa, nani ameona ng'ombe akishonwa kama godoro, nyama iuzwe leo leo majirani watanunua. Maneno mengi. Hakuniangalia hata mara moja. Nikasema atapasuliwa.

Jumapili, 22 Februari

Nimeimba kanisani bila kusikia ninachoimba. Nina hasira na sijui ni ya nani. Uongo, najua. Naogopa kuandika jina.

Jumatano, 25 Februari

Leo sikupiga simu. Nilikuwa kliniki mjini. Wameniingiza kamera kooni, nikatoka machozi na mate kama mtoto.

Niliogopa ugonjwa wa Mama, wacha niuandike. Mama alikufa kwa umio. Kansa ilifunga njia, chakula kikawa kinasimama kifuani kama mgeni aliyekatazwa kuingia. Kila nikipata kiungulia nasikia kama mlango wangu nao unafungwa.

Si hiyo. Asidi nyingi, na kidonda kidogo kinaanza. Nisinywe chai tumbo tupu, nisikae na njaa, nisiwe na mawazo. Nisiwe na mawazo! Daktari wa kliniki amenipa vidonge. Nimefurahi, na furaha haikufika nyumbani.

Jumamosi, 28 Februari

Imefanyika. Mikono bado inanuka ingawa nimeiosha kwa sabuni ya unga na limau.

Kaari alisimama muda wote, amefungwa kwenye nguzo. Daktari alimnyoa ubavu wa kushoto, akamdunga ganzi, akapasua. Tumbo lilipofunguliwa harufu ilitoka, majirani wakarudi nyuma. Mimi sikurudi. Nilishika beseni.

Akaingiza mkono mpaka begani. Vikatoka. Mifuko ya nailoni ya sokoni, imesokotana kama nywele. Kamba za magunia. Maganda ya ndizi yaliyooza ndani ya mifuko yake, hata fundo halijafunguliwa. Kipande cha ndala. Beseni likajaa, nikamwaga, likajaa tena. Nepia? Hakuna. Hata jani moja.

Kumbe! Mutuma, jirani mwenye ng'ombe wengi, alikuwa pale kwenye ua akitazama. Akasema kwa roho safi kabisa, ati nepia ya boma hili ni tamu sana, ng'ombe wake wamenenepa nayo tangu mwaka jana, na yale mawe ya chumvi pia. Hakujua anasema nini. Alidhani ananisifu kwa kilimo changu.

Nikamtafuta Kananu kwa macho. Alikuwa ameshika mkia wa Kaari, uso umekufa.

Ndipo daktari akavuta kitu laini, kirefu. Akakikamua. Buluu yenye madoa meupe.

Nilikijua kabla hajakikunjua. Kitambaa cha kichwa cha Mama. Siku ya mazishi niliomba kitu kimoja tu, mbele ya wajomba wote. Mashamba gawaneni, vyombo chukueni, mimi nipeni kile kitambaa. Kananu akasema nimechelewa. Alikitandika kwa mikono yake chini ya kichwa cha Mama ndani ya jeneza, Mama amezikwa nacho. Nililia, lakini nililia vizuri. Mwaka mzima nimefarijika kwamba Mama hajalala kichwa kitupu.

Kingekuwa cha pamba kingeshaliwa na wale vijidudu, na nisingejua kamwe. Ni nailoni. Nailoni hawaiwezi.

Kananu akaachia mkia, akaingia jikoni, akafunga mlango.

Daktari alishona. Alikuja na mtungi wa maji ya tumbo la ng'ombe mwenye afya kutoka kichinjioni, ya kijani, ya moto bado. Akamnywesha Kaari, ili vijidudu vipya viingie vianze kazi, kwa maana vyake vimekufa. Kananu alitoka wakati huo, macho mekundu. Akautazama mtungi. Akasema babu angetupaka hayo majani sote wawili mbele ya boma, na maneno yangeisha leo. Ni kweli, wazee wetu walipatanisha watu kwa yaliyo tumboni mwa mnyama.

Nikamwambia sisi tumeokoka. Nikaenda kunawa.

Jumapili, 1 Machi

Sikwenda kanisani. Ningeshindwa kutoa mkono wa amani.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Kwetu hata nguo yenyewe imeliwa.

Kumbukumbu moja haiondoki. Mama alipokuwa mgonjwa nilipiga simu kila Jumatano. Mama amekula? Amekula, ameshiba. Sauti ileile, na pumzi ileile katikati ya maneno. Nilipokuja likizo nikamkuta Mama ni mifupa, hajameza kitu ila uji wa kijiko, na huo nao unarudi. Kananu akasema imekuja ghafla. Nikaamini. Mgonjwa wa umio hakondi ghafla! Hilo nalifundisha ubaoni. Nilimsamehe wakati ule, na sasa naona nilikuwa simjui niliyemsamehe.

Kitambaa nimekifua mara tatu. Kijani hakitoki.

Alhamisi, 5 Machi

Amepiga yeye. Kaari amesimama vizuri, mshono ni mkavu, amekula nyasi kidogo. Nikasema asante kama ninavyomwambia mtu wa duka.

Akaanza kulia. Nepia na chumvi aliviuza apate karo ya Mwenda, mtoto wake, chuo kilitaka kumfukuza. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema amechoka kuniambia, kila shida yake lazima ipitie kwangu isahihishwe kwa kalamu nyekundu. Haya.

Na Mama? Akasema Mama alimkataza asiniambie, kwamba nina mitihani ya wanafunzi. Labda ni kweli. Mama angeweza kusema hivyo. Lakini nitamuuliza nani sasa? Ameniachia neno la maiti, na maiti hajibu.

Nikauliza habari ya kitambaa. Hapo ndipo alipoacha kulia. Sauti ikawa kavu. Alikificha kwa sababu nilikiomba mbele ya watu na asingeweza kuninyima mbele ya watu. Alikitundika bandani kwenye msumari, pale Mama alipokuwa akikitundika akikamua. Siku moja akakikosa. Akadhani kimeibwa na akaona aibu kusema kimeibwa kitu kilichozikwa.

"Wewe walikupa shule," akasema. "Mimi nilitaka kitambaa."

Nimekata simu. Bado nina hasira. Anaweza kuwa na haki ya kukitaka. Haki ya kunidanganya juu ya kaburi hana.

Jumamosi, 14 Machi

Nimemleta Kaari Kaaga. Mwenye ploti ninayopanga ameniruhusu kujenga banda nyuma, akitaka chupa ya maziwa yakirudi. Pikapu ilipanda polepole, mimi nyuma nimemshika kamba, watu wa Nkubu wakinicheka. Mwalimu mzima na ng'ombe! Wacheke.

Kananu hakutoka kutuaga. Lakini nilipofungua kiroba cha nyasi za njiani nikakuta nepia, mbichi, imekatwa fupifupi kama apendavyo Kaari. Lazima aliikata alfajiri. Niliikagua jani kwa jani kutafuta nailoni. Hapakuwa na kitu. Ndivyo nilivyo sasa, nakagua.

Jumanne, 24 Machi

Mvua imeanza. Nimekula viazi na maharagwe, vimetulia.

Jioni nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, bandani, nikimwangalia Kaari. Tumbo limeshuka. Jiwe la chumvi lipo, limelambwa upande mmoja tu. Jua halijaliyeyusha. Akalala, akaguna, kikapanda kitu shingoni taratibu, kama panya chini ya mkeka. Taya likaanza kwenda. Anacheua. Nililia kidogo, sijui kwa ajili ya nani.

Kitambaa kipo kwenye msumari, juu, asipofika.

Simu ikalia nikiwa hapohapo. Kananu. Habari ya mvua, habari ya watoto. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Amekula?"

Nikasema amekula.

Alibaki kwenye laini akingojea neno la pili. Nilimsikia akipumua, na mvua ya kwake ikinyesha kwenye mabati. Lilikuwa mdomoni kwangu, na lilikuwa kweli, Kaari ameshiba majani safi mbele ya macho yangu. Sikuweza kulitoa. Nikamtakia usiku mwema.