Lango Lililokataa Kufungwa

Mama yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Natumaini maneno haya yamekukuta na afya, na kwamba goti linakuruhusu kwenda kwa jirani bila fimbo. Nawasalimu na wote walioketi hapo kumsikiliza wifi Halima akikusomea. Wifi, soma polepole, na pale nilipofanya ujinga usiongeze chumvi. Mimi ni mzima. Mvua ya hapa Ayalandi haijui masika wala vuli, inanyesha tu, na nguo zangu hukaukia jikoni. Nyama ya halali tunaifuata mji wa pili, mimi na dada mmoja Msomali. Mengine ni ya kawaida.

Kaka Dubat aliniambia kwenye simu kwamba mto umerudi mahali pake na malisho ya delta ni mazuri. Alhamdulillahi. Aliniambia pia kwamba umekandika chumba changu upya, ukitazamia nirudi muda wangu wa majaribio kazini ukiisha. Ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu, maana simuni husemi ila "haya, haya" kisha unampa mwingine. Mama, muda huo umeisha wiki iliyopita, na inafaa nikueleze ulivyoisha.

Umeniuliza mara nyingi nafanya kazi gani, nami hukujibu "kompyuta" kama mtu anayefukuza nzi. Kazi yenyewe ni ukalimani. Ofisi yetu hutengeneza vifaa vya wafugaji: ng'ombe huvishwa hereni ya plastiki sikioni, na akipita langoni kifaa kinamtambua. Mkubwa wetu, Declan, huandika hatua za kazi kwa maneno ya kawaida: fanya hivi, ikiwa hivi basi fanya vile. Karatasi hiyo hakuna mashine inayoielewa. Mimi huichukua nikaiandika kwa lugha tatu za kompyuta: Python kwa kompyuta ya shamba, Java kwa simu ya mwenye shamba, na C kwa kifaa kidogo cha langoni. Ni kama siku ya mnada Garsen, tangazo ni moja lakini Mpokomo, Mworma na Msomali kila mmoja anataka alisikie kwa lugha yake. Na kila lugha ina tabia zake. Java inataka kila kitu kitambulishwe kabla hakijaguswa, kama wakwe wanaokutana mara ya kwanza. C haionyi, ukikosea inanyamaza mpaka uaibike.

Karatasi ya mara hii ilikuwa fupi. Ng'ombe wakitoka, hesabu. Wakirudi, hesabu. Idadi zikilingana, funga lango. Zisipolingana, liache wazi umwite mwenye shamba. Nilianza na Python, karatasi iko mbele yangu, nikafuata mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye Java na C nikajiona nimeshaielewa. Nikaiweka karatasi kando, nikaandika kutoka kichwani.

Na kichwani mwangu, Mama, mmejaa nyinyi. Kwetu mifugo haihesabiwi. Unamkumbuka yule afisa wa chanjo aliyekuja na kalamu yake?

"Mzee, iko ng'ombe ngapi?"

"Iko," Baba akamwambia.

"Iko ngapi?"

"Iko ile Mungu amepatia sisi. Wewe dunga tu, ikiisha utaona imeisha."

Kutaja idadi ni kualika husuda. Jioni Baba husimama mlangoni mwa boma akiwatazama wakiingia, yule mwekundu wa pembe iliyoinama, yule wa kijivu na ndama wake, na asiyekuwepo humjua kabla vumbi halijatulia. Basi mimi, bila kujitambua, katika Java na C sikuandika kuhesabu. Niliandika: chukua jina la kila aliyetoka, kisha tazama kama amerudi yeye mwenyewe. Wallahi sikukusudia. Niliirudia kazi yangu kuikagua na bado sikuona tofauti, maana mimi sijui namna nyingine ya kurudisha ng'ombe nyumbani.

Siku ya kujaribu lango tulikwenda shamba la mama mmoja, Nora, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Siku hiyo hiyo Declan alikuwa aamue kama nabaki au narudi. Ng'ombe walikuja kukamuliwa, wakaingia wote. Kompyuta ikasema wametimia. Simu ikasema hawajatimia. Lango likakataa kujifunga. Declan alisimama mvuani akibonyeza vitufe, uso umemwiva.

"Ya lango aliandika nani?"

"Mimi."

"Na ya kompyuta?"

"Ni mimi vilevile."

Nora hakungoja tumalize. Alipita katikati ya ng'ombe akiwapapasa migongo, akatoka na ng'ombe mmoja mwenye hereni kama za wenzake. "Huyu wa jirani," alisema, akaenda zake. Wa kwake alimkuta ng'ambo ya ua, anakula majani bila habari. Mgeni kaingia, mwenyeji kabaki, na idadi ikalingana vizuri kabisa.

Usidhani nilipigiwa makofi. Garini Declan aliniambia, "Nilikuomba utafsiri, ukaniletea maneno yako. Leo umebahatika. Siku utakayokosea wewe, tutalitafuta kosa kwenye karatasi yangu na hatutaliona." Nilikasirika kwanza, kwa kuwa lango langu ndilo lililosema kweli. Baadaye nikaona ana haki. Mkalimani wa mnada akianza kutia lake, hakuna atakayejua mwenye ng'ombe alisema nini. Nikamwomba radhi. Kesho yake akanikalisha nimweleze Baba anavyosimama mlangoni, naye akaiandika karatasi upya. Nikatafsiri tena zote tatu, safari hii macho hayakutoka kwenye karatasi, na zote zikatoa jibu moja.

Kisha akanipa mkataba wa miaka miwili. Nimeutia sahihi.

Nilifurahi, Mama, na nilipofika chumbani nikalia kwa sababu ya kile chumba kingine ulichokikandika. Sitaki kukuficha. Hakuna aliyenilazimisha. Kazi naipenda, na najua uliomba dua nirudi, na najua udongo uliubeba wewe na goti lako. Wape watoto wa Halima walale humo, nyumba isiyolaliwa huharibika upesi.

Nisalimie Baba, umwambie huku Ulaya sasa liko lango linalosimama kama yeye. Msalimie kaka Dubat, na salamu kwa shangazi Maryam wa Kulesa, ambaye haachi kutuwekea mchele wake mpya, na kwa mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, asiache kuniombea.

Na mtu akikuuliza Mungu amekupa watoto wangapi, najua hutamwambia idadi, utataja majina. La kwangu litaje mahali pake, baada ya Dubat, kisha useme huyu bado hajaingia, msifunge.

Ni mimi mwanao,
Hawa