Sufuria ya Sabato

Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, Nyaramba. Mvua ilianza saa tisa kama kawaida yake na bado haijaacha. Nimekaa sebuleni kwa Mama nikiwa na hasira ambayo sijui nimwelekezee nani. Anayestahili amelala hapo nje karibu na migomba, mwaka wa sita sasa.

Mnaosoma blogu hii mnajua kazi yangu. Napima damu katika maabara moja ya Kisii mjini. Watu wa kijijini huniita daktari, nami huwa siwasahihishi. Leo nasahihisha. Mimi si daktari, na hata hiyo kazi niliyosomea nimeifanya vibaya, tena kwa damu ya dada yangu.

Moraa, mdogo wangu, alijifungua miezi minne iliyopita, akaja kwa Mama kutunzwa. Huku kwetu aliyejifungua hulishwa chinsaga, ile mboga chungu ya kienyeji, ili damu irudi. Mama huichemsha Ijumaa mchana, anaitia maziwa lala, yale yaliyochacha, kisha anaiacha ilale kwenye sufuria mpaka uchungu upungue. Sisi ni Wasabato. Jua la Ijumaa likizama hakuna kupika tena, kwa hivyo mboga inakaa humo humo hadi tutoke kanisani siku ya pili.

Damu ya Moraa haikurudi. Ilizidi kushuka. Tumbo likawa linamkata, choo hakipatikani, anamfokea mtoto kisha analia. Nikamletea tembe za madini ya chuma. Nikamwambia Mama amwongezee chinsaga. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe, tena kwa sauti ya mtu anayejua.

Mwezi uliopita niliiweka damu yake chini ya darubini. Chembe nyekundu zilikuwa na vidoadoa vya bluu. Niliviona. Siku hiyo tulikuwa tumefungua chupa mpya ya rangi ya kupaka vioo vya darubini, basi nikasema rangi hii ni mbovu, nikakiweka kioo kando.

Kisha nikaenda kunywa chai.

Ni daktari wa hospitalini, mama mmoja asiye na maneno mengi, aliyeuliza swali ambalo mimi sikuuliza: nyumbani mnapikia nini? Akaagiza damu ya Moraa ipimwe madini ya risasi. Majibu yalifika juzi Alhamisi: risasi ilikuwa nyingi mno, na vile vidoadoa vya bluu ni alama yake. Nilianza kuyasoma nimesimama, nikamaliza nimekaa.

Acha nieleze kwa lugha ya jikoni, maana jikoni ndiko mambo yalikoharibikia. Kile kinachoipa damu wekundu wake kinaitwa hemu. Mwili huipika wenyewe, sehemu kubwa ndani ya uboho wa mifupa na nyingine kwenye ini, hatua baada ya hatua, na hatua ya mwisho ni kutia chuma. Risasi ikiingia, inawashika wapishi mikono. Hatua za katikati zinakwama, vitu vilivyopikwa nusu vinarundikana na kutoka na mkojo, na chuma kinafika kikakosa wa kukipokea. Ningempa Moraa tembe gunia zima, zisingemfaa. Ini nalo huitegemea hemu hiyo hiyo ili kusafisha dawa na sumu nyingine, kwa hivyo nalo linalegea. Na figo, ambazo ndizo za kuitoa risasi mwilini, zinaliwa polepole kwa miaka bila mtu kusikia maumivu.

Figo. Hapo ndipo nilipokaa chini.

Baba yetu, tuliyemwita Tata, alikuwa fundi wa sufuria. Aliyeyusha vyuma chakavu hapa nyuma ya jiko: vifuniko vya injini, mabomba, sufuria kuukuu, na vikipungua, hata vipande vya ndani ya betri za magari, ambavyo ni risasi. Alisema vinasaidia kazi itoke laini. Sisi watoto tulifanyia kazi za shule kwenye moshi ule. Sufuria zenyewe aliziuza sokoni Keumbu, na mpaka leo sijui ziko kwenye majiko ya nani.

Tata aliugua figo, akafa. Mazishini ilisemwa, kwanza chinichini kisha waziwazi, kwamba ndugu yake, baba mdogo Nyakundi, ndiye aliyemroga kwa sababu ya mpaka wa shamba la chai. Nyakundi alinijia pale kaburini akaninyooshea mkono anipe pole. Niliuona mkono wake. Nikauficha wangu mgongoni.

Mimi, na diploma yangu ya maabara.

Siwezi kuapa kwamba risasi ndiyo iliyomuua Tata. Hakuna aliyempima, na mimi niliyekuwa na vichupa mkobani sikuwaza kumpima. Nilikuwa nimeshapata wa kulaumu.

Sufuria ya mwisho aliyoitengeneza alimpa Mama. Ni nzito, mdomo umepinda kidogo upande mmoja. Siku za kawaida haiguswi. Ni ya Sabato tu, na mboga ikilala humo usiku kucha, uchachu wa maziwa lala huinyonya risasi iliyo kwenye chuma. Jana nilimpigia Mama simu nikamwambia asiipikie, akasema sawa. Leo nimetoka kanisani nikaja moja kwa moja, nimeikuta mezani imefunikwa kitambaa, na Moraa ameshapakua. Nimemnyang'anya sahani. Nimemnyang'anya mtu mgonjwa chakula, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nikajiona nimefanya kazi yangu.

Nimemweleza Mama yote. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Kwa hivyo ni Tata wako amemfanya Moraa hivi," akasema.

"Hakujua, Mama."

"Na Nyakundi je?"

Nikaivuta sufuria upande wangu. Akasema yeye amekula kwenye sufuria hiyo miaka yote na hajafa. Nikamwambia Jumatatu naye atatolewa damu. Akageuza uso akatazama mvua.

Nyundo ya Tata bado inaning'inia nyuma ya jiko. Niliichukua na msumari mnene, nikaitoboa sufuria kitakoni mara tatu ili mtu yeyote asije akaipikia tena. Siku ya Sabato, mvua inanyesha, nami nagonga chuma hadi majirani wanasikia. Mama alisimama mlangoni, hakunizuia.

"Hiyo ndio kitu alinibakishia," akasema, akaingia ndani.

Damu ya mtoto nimeitoa mimi mwenyewe. Alilia sana. Kichupa kiko hapa mkobani, na daktari amesema Moraa aache kumnyonyesha kwanza mpaka majibu yatoke. Anakamua maziwa na kumwaga, na kila akimwaga ananitazama. Namwogopa huyo dada yangu kuliko ninavyoogopa majibu.

Nilidhani nimemaliza. Kumbe sijamaliza. Ninapoandika haya naona moshi wa jiko la baba mdogo Nyakundi, ng'ambo ya shamba la chai. Nimekumbuka kwamba alipooa, kabla ya ugomvi wa mpaka, Tata alimpa sufuria kubwa kuliko hii yetu. Siku hizi wajukuu zake wanaishi naye. Miaka sita hatujakanyaga kwake, hata watoto hao siwajui majina.

Kesho asubuhi nitauvuka ule mpaka. Nitanyoosha mkono kwanza mimi. Akiuficha wake mgongoni, nitasimama hapo hapo mlangoni nimwambie habari ya sufuria.