Kamera ya Birika na Vizibo Sakafuni

Mshauri mpendwa,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba birika la chumba cha chai kiwandani kwetu sasa linaonekana likichemka moja kwa moja kwenye simu yangu, na aliyeleta maendeleo hayo ni mimi, fundi wa umeme mwenye miaka hamsini na mbili na goti bovu, maana nilichoka kupanda ngazi kwenda kulichungulia, nikanunua kakamera, nikakachomeka kwenye tundu lililokuwa wazi katika mtandao wa mashine, nikajisifu wiki nzima. Naomba msaada, kwani tangu siku hiyo mashine ya kufunga chupa za juisi inamwaga vizibo sakafuni, na mtandao huo aliuweka shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyetuimbia miaka yote kwamba kila ujumbe kati ya mashine lazima ufike kwa wakati wake uleule, nami nikamwambia, "Shemeji, hata ujumbe ukichelewa si utafika tu?" akanijibu, "Utafika, shemeji, lakini chupa imeshapita." Sasa meneja amempa mpaka Ijumaa aonyeshe kosa au aondoke, naye anapima waya mmoja mmoja huku mke wangu ananiuliza, "Baba watoto, wewe huko hujaona kitu?" nami naendelea kutafuna ugali. Jumatatu niliichomoa kamera kwa dakika kumi, vizibo vikatulia, nikairudisha, sababu ninazo. Je, nikiiondoa kimyakimya haitoshi?

Fundi wa Goti

Fundi wa Goti,

Pole kwa goti. Pole nyingine sina.

Haitoshi. Ukiiondoa kimya, vizibo vitatulia, lakini shemeji yako atabaki mtu ambaye mtandao wake uliugua na kupona bila yeye kujua kwa nini. Nani atamwamini tena? Mashine huvumilia hata mwendo wa polepole, mradi haubadiliki. Wewe umeujaza mtandao picha za birika, ujumbe wa vizibo ukapangwa foleni nyuma ya mvuke. Mtu mzima!

Usingoje Ijumaa. Kesho asubuhi mwambie shemeji kwanza, kisha mwende nyote wawili kwa meneja, kamera mkononi. Maneno yakikukwama, soma haya, na goti usilitaje:

"Kosa si la shemeji. Nilichomeka kamera bila kumwuliza mtu. Jumatatu niliichomoa, mashine ikapona, nikajua ni mimi. Kisha nikairudisha, kwa sababu nilikuwa nataka chai."