Matawi Nyuma ya Gari

Yaya Bea wangu,

Niko mzima hapa Kamina, usisikilize watakayokuambia.

Jana taa za nyuma za gari la shangazi yetu, Tantine Odile, ziliungua, nikafunga matawi mabichi nyuma ili pikipiki zisinigonge. Nilisahau kwamba matawi yakilala barabarani yanasema gari limekufa, lakini yakitembea na gari yanasema mtu amekufa.

Karibu na soko motari mmoja akawasha taa ya pikipiki yake, akanifuata polepole. Akaja wa pili, kisha kundi zima, wakipiga honi. Wanaume walivua kofia. Pale njia panda, ambapo kila siku nagombana na baiskeli za makala, zile zilizojaa magunia ya mkaa, wote walinipisha. Kusema kweli, niliipenda ile njia. Sikusimama kueleza.

Nilipofika nao nyumbani, Tantine alitoka mbio, mikono kichwani.

"Nani amekufa?"

"Taa za nyuma, Tantine."

Akawatazama waombolezaji wake wote, akawapa maji, halafu akaninong'oneza: "Usifungue kwanza ile majani. Kesho tunaenda ku soko."

Nibusie watoto. Mkisikia huko kwamba kwetu kuna msiba, msilie. Tumeenda kununua samaki.

Mdogo wako,
Solange