Pontiac ya Lyle Imekwisha Kutengenezwa

Mtaa wa Hoyt,
Saginaw, Michigan.
Jumapili, 6 Oktoba 2019.

Mpendwa shemeji Wendell,

Pokea salamu za kaka yako Lyle na zangu. Hamjambo huko Alaska? Goti la mkeo Noreen linaendeleaje? Nasikia kwenu theluji imeshaanguka. Hapa bado ni mvua tu, na malori ya biti, ile mizizi ya kutengenezea sukari, yanapita kutwa yakimwaga matope barabarani. Mimi ni mzima, ila mgongo unaniuma kwa kumwinua Lyle. Ningependa kuandika kwamba naye ni mzima, lakini siwezi.

Ule ugonjwa unaokula misuli haujasimama. Dawa wanazompa hazitibu, zinauchelewesha tu. Miguu yote miwili imekwenda, na mikono nayo tangu Agosti. Chakula namlisha mimi kwa kijiko, na maji tunayatia unga wa kuyafanya mazito ili yasimpalie.

Uliniuliza kwenye simu habari za gari, ile Pontiac ya kijani ya mwaka 1968 mliyokuwa mkishindana nayo ujanani. Nilikukwepa kwa sababu Lyle alikuwa karibu anasikia. Ngoja nikueleze sasa.

Mguu wa kushoto ulipoanza kufa, alishindwa kukanyaga klachi. Nilimwambia tuliuze. Alimpigia simu Rudy Szymanski, yule rafiki yake aliyefanya naye kazi kwenye tanuri za chuma, na Rudy akaja na bia na boksi la spana.

"Klachi haikutaki? Basi tunaifukuza," Rudy akasema. "Tunakuwekea gia ya otomatiki, uendeshe kama bibi kizee anayekwenda kanisani."

"Bibi kizee huyo atakuacha kwenye mataa ukila moshi," Lyle akamjibu.

Basi wakaanza. Mabega yalipodhoofika, wakang'oa usukani mzito wakaweka wa pawa, mwepesi kugeuza. Breki za zamani zilitaka mguu wenye nguvu, wakafunga za diski magurudumu yote manne. Kabureta ilitaka kubembelezwa asubuhi za baridi, wakatoa injini nzima, wakaweka mpya ya siku hizi inayoongozwa na kompyuta, yenye nguvu maradufu ya ile ya kwanza. Ukisimama barazani unausikia mngurumo wake ndani ya mbavu. Mguu wa kulia nao ulipokwenda, Rudy akatengeneza wenzo wa mkono: ukivuta ni mafuta, ukisukuma ni breki, na pedali akaziacha palepale. Kila walipomaliza kitu kimoja, ugonjwa ulikuwa umeshapita pale, unawasubiri mbele.

Lyle alitaka jambo moja tu: kuliendesha mwenyewe mpaka Bay City, aone ziwa, arudi. Nami nikaanza kuamini kwamba litawezekana. Nilimshonea hata mto wa kuegemeza kiuno.

Gari likakamilika Agosti, Jumamosi moja. Rudy alikuwa amelipaka nta mpaka unauona uso wako ndani yake. Tulimbeba Lyle tukamweka kwenye kiti cha dereva, tukamfunga mkanda. Mkono wake ukafika kwenye swichi, ukalala pale pale. Tukangoja. Vidole havikuweza kuuzungusha ufunguo.

"Nitaweka kitufe," Rudy akasema. "Utabonyeza tu, Lyle. Wiki ijayo kitakuwa tayari."

"Na wiki itakayofuata utaweka nini, Rudy?"

Lyle hakusema hayo kwa hasira. Rudy alitoka akaenda kusimama nyuma ya gereji, nikamsikia analia kama mtoto. Sikumfuata.

Mwezi uliopita Lyle akaniomba nimwendeshe mimi. Unajua ninavyoliogopa lile gari, lakini ningemnyima vipi? Tulipoingia barabara kuu nikagusa mafuta, nilidhani kidogo tu. Gari likaruka. Kichwa chake kikatupwa nyuma, na shingo haikuwa na nguvu ya kukirudisha. Nikashika breki kwa hofu, kikaanguka mbele, kidevu kikagota kifuani, pumzi ikamkwama. Niliegesha kando ya barabara nikamwinua paji la uso kwa kiganja, nikamshika hivyo mpaka midomo ikaacha kuwa ya buluu. Zile nguvu walizozihangaikia kwa miaka miwili nusura zimuue.

Tukageuza. Nilirudi mwendo wa jeneza nyuma ya lori la biti, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye paji lake. Kijana mmoja wa pikapu akatupita anapiga honi: "We mama, kama limekushinda nipe mimi!"

Lyle akacheka. Siku hizi maneno yake yanatoka kama ana kitambaa mdomoni, lakini nilimsikia vizuri.

"Mpe, Marlys."

Sijampa mtu. Nimelifunika turubai. Rudy naye hataki kulichukua, anasema yeye ndiye aliyechelewa. Nimemwambia hakuna fundi ambaye angewahi. Hata hivyo anakuja kila Alhamisi kumnyoa Lyle ndevu, na habari za gari hawazitaji kabisa.

Daktari anasema ugonjwa umeshafika kwenye kifua. Krismasi huenda akaiona, huenda asiione. Mimi nimeacha kuomba apone. Sasa naomba asiogope tu, na nikiyatazama macho yake sioni kama hilo nalo limejibiwa.

Binti yetu Corinne anakusalimu. Anatuletea supu kila Jumapili, nayo nusu yake naimwaga. Msalimie sana Noreen, na wanao wote wawili.

Najua ulipanga kuja kiangazi, mwende wote ziwani. Usingoje kiangazi, shemeji. Njoo kabla barabara hazijafungwa na barafu. Mungu akufungulie njia, awatunze na wale utakaowaacha nyumbani. Lyle bado anaita jina lako. Herufi ya kwanza imeanza kumshinda, lakini mimi na Rudy tunajua anamwita nani.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye,
Marlys